Kurudi kwenye vyuma baada ya presha kukuangusha

Pole sana mkuu. Umeuliza kama utaweza kunyanyua tena baada ya kuzimia gym na kukutwa na presha 190/115. Mimi yalinikuta hayo miaka mitatu iliyopita, na leo nanyanyua. Lakini niliporudi sikuanza nilipoachia.

Kwanza daktari. Nilipimwa moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), nikapimwa figo, nikaanza dawa, nikasubiri hadi presha ikatulia kabisa. Ukiwa umekaa tu na mashine inasoma zaidi ya 180/110, usiguse chuma siku hiyo.

Halafu pumzi. Hapa ndipo wengi wetu tunajiumiza bila kujua. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyuaji watano wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu. Wastani wa presha yao ulifika 320/250, na kubana pumzi ni sababu mojawapo. Kwa hiyo toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhusha. Chagua uzito unaoweza kuupandisha mara 12 hadi 15 bila kukaza meno. Nilianza na fimbo tupu ya kunyanyulia, bila vyuma pembeni, kilo 20, mbele ya vijana niliokuwa nawafundisha. Iliniuma sana, sikufichi.

Kama unatumia dawa za kushusha presha, usisimame ghafla ukitoka kwenye benchi, kizunguzungu kinakuja haraka. Maumivu ya kifua au giza machoni, acha hapo hapo, nenda hospitali.

Daktari amekuandikia dawa gani? Tuambie, maana nyingine zinapunguza mapigo ya moyo.