Roth IRA au 401(k) ya kawaida?

Dada, nimekuelewa: wewe ni msaidizi wa wauguzi huko Minnesota, Marekani, mshahara bado mdogo, na hujui ukatwe kodi sasa au uzeeni. Mwajiri akichangia 401(k), yaani akaunti ya kustaafu ya kazini ambayo ile ya kawaida hutozwa kodi unapotoa hela, weka kwanza kiasi cha kuupata mchango wake wote. Usiuache, ni hela yako. Kinachobaki peleka Roth IRA, akaunti yako binafsi ya kustaafu ya hela iliyokwisha katwa kodi; ukomo wa mwaka 2025 ulikuwa dola 7,000 kwa walio chini ya miaka 50. Kodi unailipa leo ukiwa ngazi ya chini, na faida huitozwi ukiitoa baada ya kufikisha umri wa miaka 59 na nusu, akaunti ikiwa imetimiza miaka mitano. Mimi nilichelewa, najuta. Ila ukipanga kustaafu Kenya, muone kwanza mshauri wa kodi: Marekani na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato.