Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kusaga Visiki, Meno Yake na Bei ya Kazi

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa Masasi. Pamoja na kaka yangu ninakata miti inayotishia nyumba kwa msumeno wa mnyororo, na karibu kila mteja hutuuliza kisiki kitaondokaje. Baada ya malipo ya korosho tuliweka akiba, na dalali wa Dar es Salaam ametuonyesha picha za mashine ya kusaga visiki iliyokwisha kutumika, yenye injini ya nguvu ya farasi 25. Anatuhimiza tulipe haraka. Je, tuinunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dalali amekutajia injini kwa sababu injini ndiyo inayoonekana pichani. Mimi ningependa kwanza ujue visiki utakavyoitiwa viko wapi, na ni nani mwingine anayeweza kuviondoa.

Shambani, kuanzia Newala hadi Nachingwea, mshindani wako ni kibarua mwenye sururu na shoka, ambaye mara nyingi hukubali malipo madogo kwa kuwa kuni zinakuwa zake, na kisiki cha mwembe kikishapasuliwa hakikosi mnunuzi miongoni mwa wachoma matofali. Huyo humshindi kwa bei. Utamshinda mahali ambapo shimo haliwezi kuchimbwa: kando ya ukuta, katikati ya ua uliosakafiwa, kwenye uwanja wa shule, makaburini, au katika bustani ya nyumba ya wageni ambayo mwenyewe hataki ifukuliwe. Kwa hiyo wateja wako wengi watakuwa Masasi mjini, Mtwara na Lindi, na mashine itakayokulisha ni ile inayoweza kupita kwenye geti dogo la watu, ambalo mara nyingi upana wake haufiki mita 1. Pima mageti ya wateja ulionao sasa kabla hujapima mashine.

Kwa ukubwa, mashine hizi zina madaraja. Ndogo kabisa, za nguvu ya farasi 13 au karibu na hapo, husukumwa kwa mikono, hupakiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na hufaa visiki vyembamba. Kwa kisiki kipana zinafanya kazi, lakini mtu anayeisukuma huchoka kabla ya mbao kuisha. Za nguvu ya farasi 25 hadi 40 mara nyingi hujiendesha zenyewe, na sahani ya meno, yaani gurudumu la chuma linalozunguka na kusaga mbao, hupelekwa kushoto na kulia kwa haidroliki, nguvu ya mafuta yenye shinikizo. Zaidi ya hapo ni mashine za kuvutwa na gari, ambazo kwa mitaa yetu ningezikwepa. Kuna pia zile zinazofungwa nyuma ya trekta na kuendeshwa na shafti ambayo mafundi huiita PTO, inayozunguka mara 540 kwa dakika. Ukiwa na ndugu mwenye trekta, na kazi zako zikiwa za viwanja vilivyo wazi, hilo ni chaguo la heshima, kwa sababu hununui injini ya pili. Kwa hiyo farasi 25 si ukubwa mbaya kwako. Nisichokikubali ni kulipia picha.

Nenda Dar es Salaam pamoja na fundi unayemwamini. Mkute dalali kabla hajaiwasha, uguse injini kama ni ya baridi, kisha uiwashe wewe mwenyewe, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake. Baadaye izime, chomoa waya wa plagi, ushike sahani ya meno kwa mikono miwili na kuitikisa mbele na nyuma. Ikicheza, beringi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye ukingo wa sahani kutafuta ufa au mshono wa kulehemu, kwani sahani iliyopasuka na kuungwa inaweza kuvunjika ikiwa katika mwendo, na kipande chake kikaua mtu. Angalia mipira ya haidroliki kama inatoa jasho la mafuta, angalia mkanda, kisha udai ikatwe mbele yako, kwenye kisiki cha kweli, kwa muda usiopungua nusu saa.

Sasa tufike kwenye meno, ambako ndiko faida ya kazi hii hukaa au hupotelea. Kila jino lina ncha ya kabaidi, madini magumu yaleyale yanayowekwa kwenye keekee za kutobolea zege. Kabaidi hustahimili mbao ngumu, lakini ikigonga jiwe humeguka, na mchanga huila polepole hata pale usipouona. Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi. Lindi na Mtwara mjini utakutana na mawe ya matumbawe yaliyokumbatiwa na mizizi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwasha mashine, kwangua udongo kuzunguka kisiki kwa jembe, toa mawe, fagia mchanga ulioganda kwenye maganda. Watu huiona kazi hiyo kuwa ya kupoteza muda, ilhali ndiyo inayoamua kama seti moja ya meno itadumu. Ukianza kukata, inua sahani juu ya ukingo wa mbele wa kisiki, ishushe sentimita chache tu, ipeleke kushoto na kulia hadi mbao iishe, kisha ushushe tena. Injini ikianza kuzama sauti umeilazimisha. Rudi nyuma ipumue.

Jino butu halinolewi kwa jiwe la kawaida la kijivu, kwani kabaidi huhitaji jiwe la almasi au lile la kijani. Fundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, anaweza kukuchongea pini au kulehemu fremu, lakini ncha hizo zitatoka nje ya nchi. Basi muulize dalali hivi: seti nzima ya meno ni bei gani, ni nani anayeiuza hapa nchini, na itanifikia Masasi baada ya siku ngapi? Asipoweza kujibu, usinunue hata kama injini ni mpya. Ukanda wetu umewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ulileta Kongwa na Nachingwea matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kusafisha pori, na mengi yaliharibika mapema huku vipuri na mafundi wa kutosha wakikosekana. Serikali nzima iliweza kupata hasara hiyo na kuendelea kuishi. Ninyi ndugu wawili, kwa akiba ya korosho, hamtaweza.

SWALI: Mshauri, nina mashine ndogo hapa Lindi mjini na vijana wawili. Ninatoza bei moja kwa kila kisiki, lakini mwisho wa mwezi sioni kitu. Aidha, mteja mmoja amenidai nimjazie shimo udongo, na mwingine anataka nisage kisiki mahali atakapojenga msingi wa nyumba. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, bei moja ndiyo inayokumaliza. Kisiki chenye upana wa sentimita 60 si mara mbili ya kile cha sentimita 30. Kwa kina kilekile, mbao yake ni mara nne, na cha sentimita 90 ni mara tisa. Hata ukitoza kwa kila sentimita ya upana bado vikubwa vitakuumiza, kwa hiyo panga madaraja, na kila daraja lipande kwa kasi kuliko upana unavyopanda. Upana upimwe pale kisiki kinapoingia ardhini, pamoja na mizizi iliyotuna, wala si juu kwenye sehemu iliyokatwa, na mteja aone kipimo kwa macho yake. Usafiri uutoze peke yake.

Mnazi uuwekee bei yake. Hauna mzizi mkuu, una mizizi mingi myembamba na nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye shafti, na kijana atakayeinama kuzitoa wakati sahani bado inazunguka atapoteza vidole, maana sahani huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuondolewa mwendo. Izimwe, isimame, waya wa plagi uchomolewe, ndipo mkono uingie. Watoto wa mtaani huja kutazama. Zungusha kamba mbali, simamisha ubao upande wa barabara, na vijana wavae miwani, vizibo vya masikio na viatu vigumu.

Kuhusu shimo, andika kwenye karatasi kabla ya kazi kwamba utasaga hadi kina fulani, tuseme sentimita 20, na kwamba chenga za mbao zitabaki kwa mwenye nyumba. Chenga hizo ni nyingi kuliko shimo lenyewe, na zikichanganywa na udongo hunyonya naitrojeni, chakula cha mimea, wakati zinapooza, kwa hiyo mteja azitumie kama matandazo juu ya ardhi na shimo lijazwe udongo. Udongo wa kuletwa ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Mwulize pia mwenye nyumba bomba na nyaya zinapita wapi, na asipojua, waone watu wa maji na wa TANESCO kwanza.

Yule wa msingi mkatalie, hata kama fedha yake iko mkononi. Mashine inasaga kichwa cha kisiki; mizizi inabaki chini, inaoza, ardhi inatitia na ukuta unapasuka. Hapo pachimbwe mizizi yote itoke, na udongo ushindiliwe kwa tabaka.

SWALI: Nina ekari mbili za mikorosho mizee Tandahimba. Nikodi mashine au nichome visiki?

JIBU: Pengine usifanye lolote kati ya hayo. Mkorosho mzee ulio mzima ukikatwa huchipua, na machipukizi yakibebeshwa vikonyo vya aina bora huzaa mapema kuliko mche mpya. Waone wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, kabla hujagusa kisiki. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti ipatayo 28, nawe unaweza kupanda miche katikati ya visiki na kuviacha vioze. Moto usiutumie wakati wa kiangazi, kwani mkorosho wa jirani hauko mbali.

Lakini kama miti yako ilikauka kwa mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni, kuvu huyo hukaa ardhini kwa miaka na husafiri na udongo ulioganda kwenye jembe, tairi na meno ya mashine. Ukiikodi kwa sababu yoyote, hakikisha imeoshwa kabla ya kuingia kwako, na ioshwe tena kabla ya kwenda kwa mwingine.