Shangazi, mume wangu anasema mapenzi yote nimeyamalizia vitabuni

*Shangazi, shikamoo. Ninaandika riwaya za mapenzi. Moja imeshatoka, ya pili mchapishaji anaisubiri, na muda wangu wa kuandika ni watoto wakishalala. Zamani kila Jumapili nilipika supu ya kuku aliyonifundisha marehemu mama, nyumba nzima ikiisubiri. Miezi hii imenishinda. Juzi mume wangu alisema mapenzi yote nimeyamalizia vitabuni, kisha akauliza yule mwanamume wa sura ya tatu ni nani. Nilie au nicheke? Niache kuandika? – Mpishi Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Cheka kwanza, kulia kutafuata kama bado kuna haja. Kuandika usiache.

Nianze na huyo wa sura ya tatu, maana hapo ndipo palipouma. Mumeo amechungulia mswada ambao haujaiva, akamkuta mtu anayemsikiliza mwanamke bila kutupia simu jicho. Akajipima, akajiona hatoshi. Mweleze kwamba riwaya ya mapenzi ina ahadi yake: msomaji anaifungua akijua wawili hao watapendana, watatibuana, na mwisho watakuwa pamoja. Isipoishia hivyo atahisi ameibiwa. Mwanamume wa kazi hiyo hakoromi wala hadaiwi bili ya umeme. Kwa kurasa 200 nani atashindwa kuwa malaika? Tena kuanzia leo asisome vipande. Kitabu kikiisha, akisome chote.

Sasa supu. Huyo bwana halilii kuku. Anakukosa wewe, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kukuona umekaa, umetulia, unaulizia habari za kila mtu. Siku hizi hata ukiwa mezani, akili iko sura ya tisa, na nyumbani hilo halifichiki.

Ila mbona mapishi ya mama yamebaki mikononi mwako peke yako? Mwachie mumeo sufuria, watoto wamsaidie. Kuku aanzie kwenye maji baridi. Yakianza kuchemka, povu la kijivu litapanda pembeni. Aliengue kwa kijiko mpaka liishe, ndipo atie vitunguu na apunguze moto hadi maji yawe yanatetema tu. Ikitokota kwa fujo inakuwa na ukungu. Kuku mzee atataka saa mbili au zaidi, na saa hizo zote wewe uko chumbani, mlango umefungwa, unaandika. Mara ya kwanza kutakosekana kitu. Usitoke kuonja, na tafadhali usiseme "mama hakufanya hivyo". Kula, omba nyongeza. Ukishakaa mezani, kompyuta imefungwa mpaka kesho.

Kuhusu usiku, tatizo ni kwamba kazi yako haina mwisho unaoonekana na wenzako. Nora Roberts, mwandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani, alianza kuandika mwaka 1979, theluji ikiwa imemfungia ndani na wanawe wawili wadogo, na anajulikana kwa sheria aliyowawekea: asisumbuliwe ila kwa damu au moto. Nawe weka yako, uitamke wazi. Kisha piga hesabu. Riwaya fupi ya mapenzi huwa na maneno kama 50,000. Ukiandika 500 kwa kikao, ni vikao 100. Vitano kwa wiki, wiki 20. Andika hesabu hiyo kwa kalamu nene, ibandike jikoni, na kila kikao kikiisha mtoto mmoja apige mstari. Mumeo akijua zimebaki wiki ngapi atavumilia kuliko akiambiwa "bado kidogo".

Akikataa kushika mwiko, na ratiba nayo akaikataa, basi jambo si supu wala sura ya tatu. Niandikie tena, na safari hiyo nieleze alivyokuwa kabla kitabu cha kwanza hakijatoka.