Eneo la wakala halimfungi mnunuzi

Nataka pikapu mpya. Wakala wa Mombasa aniambia Malindi ni eneo lake, nisinunue Nairobi. Ni kweli? (Barani, Malindi)

Si kweli. Kiwanda kikimpa wakala eneo, wanaofungwa ni wauzaji wenzake: wasifungue tawi hapo, wasitume watu wa mauzo. Wewe hukutia sahihi mkataba ule. Tabu hujia kwenye kamisheni. Mara nyingi muuzaji wa nje hukatwa yake akapewa mwenye eneo, ndiyo maana wa Nairobi hukunyima punguzo au huchelewesha oda. Mtake proforma, yaani ankara ya bei kabla ya kulipa, yenye jina lako, modeli kamili, namba ya chesisi na gharama ya kulifikisha gari Malindi. Lipa kwa akaunti ya kampuni, kamwe si kwa simu ya mtu wa mauzo. Aandike pia kwamba waranti itaheshimiwa Mombasa, akikataa, usinunue. Akikuandikia kuwa hakuuzii kwa sababu ya unapokaa, ipeleke barua hiyo kwa Mamlaka ya Ushindani. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza mikataba ya kugawana masoko kwa maeneo, isipokuwa wahusika wamepewa msamaha. Volkswagen ilitozwa faini Ulaya mwaka 1998 kwa kuwazuia wauzaji wake wa Italia wasiwauzie Wajerumani na Waaustria.

Pikipiki ni pesa ngapi?

Modeli gani, mpya au kuukuu, na bima na usajili vimo? Swali hili laja kila mara bila hata kimoja. Sitalijibu.

Gari langu la Japani, wakala asema halimo kwenye mfumo wake. Anionea? (Mpeketoni)

Hakuonei. Gari la soko la Japani kwa kawaida halina ile namba ya herufi na tarakimu 17 ambayo mfumo wa wakala hutafutia gari. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, kama NZE141-. Piga picha kibati cha ndani ya boneti, umpelekee muuza spea mwenye katalogi ya Japani. Kama giaboksi ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, usikubali mafuta ya "yaingia zote": mkanda huteleza, giaboksi ikaungua. Na waranti ya kiwanda usiitarajie hapa, hata yadi ikikuapia.

Duka lililoniuzia tuktuk limefungwa. Waranti imekufa? (Maweni)

Tazama muhuri kwenye kijitabu. Ukiwa wa msambazaji wa nchi nzima, wakala wake mwingine ana wajibu wa kuipokea, mradi sevisi zote zimeandikwa na kupigwa muhuri kwa kilomita zilizotajwa. Ukiwa wa duka pekee, madai ni kati yako na mwenye duka. Anayenunua sasa aulize kwanza gereji ya wakala iko wapi na ina fundi gani.