Mama anaukana mkono wake: ni uvimbe, si jini

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 58, tupo Kongwa. Anasema mkono wake wa kushoto si wake, ni wa marehemu dada yake. Kwenye sahani anakula ugali wa upande wa kulia tu. Picha ya CT ya kichwa imeonyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo. Ndugu wanataka kwanza achanjwe chale mkononi kwa mganga. Tufanyeje?

JIBU: Msimchanje. Mkono wenyewe ni mzima. Sehemu ya juu, kwa nyuma, ya ubongo wa kulia ndiyo inayounganisha taarifa za ngozi, misuli na macho ili mtu ajue upande wake wa kushoto upo na ni wake. Uvimbe ukiibana sehemu hiyo, mama anauona mkono lakini hausikii kuwa wake. Ubongo haupendi pengo, unajitungia maelezo: "ni wa dada." Ugali wa kushoto nao macho yanauona, ubongo hauuhesabu. Hajarukwa na akili wala haigizi, na mkibishana naye mtachoka bure.

Akishataja jina la marehemu tu, mganga kapata mtaji. Hilo ndilo linaloniudhi. Nawapokea wagonjwa wa namna hii wakiwa na chale mbichi, au malengelenge ya kukandwa kwa maji ya moto. Mkono usiosikia unaungua kimya kimya! Wengine wameuziwa chupa ya "kuyeyusha uvimbe" na kuambiwa waache vidonge vya hospitali. Deksamethazoni, mojawapo ya vidonge hivyo, hupunguza maji yanayouzunguka uvimbe. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiikatisha ghafla, ubongo unaweza kuvimba upya na presha ikaanguka.

Mleteni kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hapa Dodoma wapo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Huenda akahitaji picha nyingine ya ubongo, ya MRI, maana si kila uvimbe ni saratani. TB ya ubongo na vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe vinaweza kufanana nao kwenye picha, na tiba zake ni tofauti kabisa. (Vifuko hivyo hutokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo hata asiyekula kitimoto anaweza kuvipata.) Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kupata degedege, msingoje tarehe ya kliniki.

Na kwa wengine mnaosoma: dalili hizi zikimjia mtu ghafla, ndani ya dakika chache, hesabuni ni kiharusi mpaka kipimo kikatae. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Kikao cha ukoo kitafanyika akiwa wodini.