Mwanangu, mrudishie bosi uamuzi wake

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma yote. Unaniuliza, mama wewe umefanya usekretari mpaka umestaafu, uliwezaje kukaa na mabosi wa hivi, manake wako kila kitu kwake ni haraka, meseji anatuma saa nne usiku, ripoti anakuletea jioni watu wanafunga droo, ukichelewa anakufokea mbele ya wageni, na sasa hujui uvumilie au uache kazi.

Hilo la kuvumilia au kuacha tuliweke pembeni kwanza, tutalifikia. Mi nataka ujue una bosi wa aina gani, maana tunawaita wote bosi mbaya wakati hawafanani hata kidogo. Yupo asiyejipanga, na hao ndo wengi, anasahau, anaogopa wakubwa zake, akibanwa huko juu anakuja kumalizia kwako. Halafu yupo anayejua kabisa anachofanya. Ukitaka kuwatofautisha mwangalie akiwa na mkubwa wake au mteja mzito, kama pale sauti inashuka na "tafadhali" anaikumbuka, basi hasira zake zina breki, kwako ameamua tu kutoikanyaga.

Huyo wa pili, hasa kama matusi yamefika kwenye mwili wako au kabila au dini, au ameanza kukushikashika, usipoteze muda kutafuta mbinu za kuishi naye, hilo ni la kuripoti. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika Juni 2021, na mle imeandikwa kwamba hata tukio la mara moja linahesabika, na yanayotumwa kwa simu au imeili za kazi nayo yamo. Si nchi zote zimeuridhia, ila ukiambiwa ofisini kwamba "mbona ni mara moja tu" ujue hilo si jibu.

Wako kwa ulivyonieleza naona ni wa kwanza. Anakera lakini anafundishika, japo polepole.

Sasa nikwambie kinachokuchosha. Si kazi. Kuna mtafiti anaitwa Robert Karasek, mwaka 1979 aliandika kuhusu wafanyakazi wa Marekani na Sweden, akaonyesha kwamba wanaoelemewa zaidi ni wale wenye kazi nyingi huku hawana usemi wa namna ya kuifanya. Na sekretari si ndo huyo huyo? Unapewa vitu vitano, vyote haraka, haambiwi mtu kipi kitangulie, wewe unakaa unakisia, ukikisia vibaya kosa ni lako. Yaani umebebeshwa uamuzi wake bila cheo chake wala mshahara wake. Mrudishie.

Namna ya kumrudishia ni hivi. Usiseme "siwezi", wala usiseme "nina kazi nyingi", hayo anayasikia kama uvivu. Chukua karatasi moja, andika kila kilichoko mezani kwako na muda kitakaochukua, nenda nayo kwake mwambie, bosi nina barua za bodi, nina safari yako ya kesho, na hii ripoti, mpaka jioni zinatoka mbili, zipi? Halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa kujitetea, hapo ndo wengi mnaharibu. Atasema zote, wote husema zote. Mjibu sawa, basi naanza na za bodi, inafuata safari, ripoti utaikuta mezani kesho saa tatu asubuhi. Ukirudi kwenye kiti mwandikie imeili ya mistari miwili, kama tulivyoongea mpangilio ni huu, kama umebadilika niambie. Kesho yake akianza kufoka kuhusu ripoti unamkumbusha imeili bila kuinua sauti. Mara ya kwanza atakasirika. Baadaye anaanza kuchagua mwenyewe kabla hujamuuliza, nimeliona hilo kwa zaidi ya bosi mmoja.

Lingine, haraka zake zina kalenda, we hujaangalia tu. Mwezi mzima kila akikuletea jambo la dharura andika tarehe na ni jambo gani, utashangaa, nyingi zitaangukia siku mbili kabla ya kikao fulani au mwisho wa mwezi wakati wa ripoti. Ukishajua hivyo, takwimu unaanza kuziomba kwa watu wiki moja kabla, yeye akikurupuka unamwambia rasimu iko kwenye faili lako. Na kila asubuhi mshike dakika kumi kabla hajafungua kompyuta, nani anakuja leo, nini cha kusaini, simu zipi nimpitishie na zipi nimzuilie. Kwenye kalenda yake usipange mikutano ikagusana, weka nafasi katikati, maana ule wa kwanza ukizidi muda anayelaumiwa ni aliyepanga.

Na marekebisho! Zamani kwenye taipureta bosi akibadilisha neno moja tulirudia ukurasa mzima na kaboni zake, kwa hiyo hata wao walikuwa wanafikiri kabla ya kusema. Siku hizi kubadilisha ni rahisi, basi anabadilisha mpaka usiku. Kila rasimu ipe namba, mpelekee ikiwa imeprintiwa, mwombe aweke marekebisho yote kwa kalamu ndo uichukue. Akianza kutuma moja moja mwambie unazikusanya, utaingiza zote saa kumi.

Za usiku usimtangazie sheria mpya, we anza tu kujibu asubuhi. Ila kabla ya hapo kubalianeni kitu kimoja, jambo la dharura kweli apige, meseji itasubiri. Mtu anayetuma meseji kumi akiwa kitandani mara nyingi anazitoa kichwani tu asisahau, hata hategemei jibu, wewe ndo unayerukia simu. Ufaransa waliiweka kwenye sheria tangu Januari 2017 kwamba mfanyakazi ana haki ya kutofuatwa na kazi baada ya saa zake, Ureno nao mwaka 2021 wakapitisha sheria inayomkataza mwajiri kumsumbua mtu akiwa mapumzikoni. Wewe unahusika na sheria ya ulipo pamoja na mkataba wako, na najua hujausoma, utafute leo uone saa za kazi na ovataimu imeandikwaje. Hili si la kudeka. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi inazidi ya yule wa saa 35 hadi 40 kwa asilimia 35.

Kutumwa vitu vya nyumbani kwake, zawadi ya mtoto sijui nguo za dobi, mi sina neno sana kama anaomba vizuri na kazi haiumii. Lakini usitoe hela yako mfukoni hata siku moja, eti atarudisha.

Hapa nisikilize vizuri kuliko pote. Akikwambia urudishe tarehe ya barua nyuma, au umsainie jina lake, au ubadilishe muhtasari wa kikao ambao wajumbe wameshaupitisha, kataa. Mwambie nitaandaa utasaini mwenyewe. Mambo kama hayo yakifukuliwa anayeulizwa kwanza ni aliyechapa, na bosi hapo hakumbuki kukutuma. Uwe na kinotibuku chako, tarehe, saa, alichoagiza, nani alikuwepo, ukae nacho nyumbani. Ila nyaraka za ofisi usizihamishe wala usizitume kwenye imeili yako binafsi, utampa sababu ya kukufukuza bure.

Kufokewa mbele ya wageni, pale pale usijibu, wahudumie wageni waondoke. Siku hiyo hiyo ingia, funga mlango, sema sentensi mbili tu, "Leo mbele ya wageni sikupenda. Nikikosea niite ndani uniambie." Toka. Mi niliwahi kumwambia mmoja hivyo, kuomba radhi hakuomba, na ndani aliendelea kufoka kama kawaida, lakini mbele za watu aliacha.

Sasa la kuacha kazi. Jipe miezi miwili mitatu ufanye haya kwa bidii, si kwa kujaribujaribu. Kama karatasi anazichana, imeili anasema hajaziona, na we usingizi umepotea na unalia kabla ya kutoka nyumbani, anza kutafuta pengine ukiwa bado unapokea mshahara. Usiandike barua ya kuacha siku umefokewa. Angalia mkataba unataka notisi ya muda gani, na tafuta mtu mwingine pale ofisini anayeijua kazi yako akukubalie kuwa mdhamini, maana huyu wako sijui atakusemea nini.

Kikao chake cha bodi kinakaribia, si ndivyo ulivyosema? Basi hiyo karatasi iandike usiku huu, nipigie picha nione ulivyokadiria muda, manake nakujua, kila kitu kwako ni nusu saa.

Mama yako