Aliyezimia naye ni "mnyama mwenye akili"?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Shemeji yangu alipita seminari kidogo, sasa kila tukibishana lazima alete ile ya wanafalsafa wa zama za kati kwamba binadamu ni "mnyama mwenye akili". Juzi nikamuuliza, haya mtoto mchanga je? Na mtu aliyezimia je, sio watu hao? Akacheka tu akabadilisha mada. Hivi hao wazee hizo fasili zao walikuwa wanazitoa wapi, au walikuwa wanacheza na maneno tu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Jibu shemeji alitakiwa kuwa nalo, labda kipindi hicho alilala.

Walimu wa Paris na Oxford wa miaka ya 1200 na 1300 mtindo wenyewe wa kutoa fasili waliurithi kwa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na kwa Porphyry, huyu karne ya 3 aliandika kitabu kidogo cha utangulizi, mwanafalsafa wa Kirumi Boethius akakitia Kilatini na ndo kikawa mlango wa kila anayeanza mantiki. Unaangalia kitu kiko kundi gani, na liwe kundi la karibu kabisa, ukisema mtu ni "kitu" umeenda mbali mno, halafu unatafuta kinachomtenga na wenzake wa humo humo. Mtu kundi lake mnyama, kinachomtenga akili, basi. Wanamantiki wa Kiarabu hilo kundi waliliita jins, neno lile lile lililotupa sisi "jinsi", na mtu kwao ni hayawani natiki, yaani huyo huyo mnyama mwenye akili, ila wewe jaribu kumwita mtu hayawani hapo mtaani uone.

Sasa aliyezimia. "Mwenye akili" hawakumaanisha anayefikiri saa hii, walimaanisha mwenye uwezo huo kwa asili yake hata kama sasa hivi hautumiki. Ndo maana walipenda sana mfano wa upofu: jiwe halioni lakini hakuna anayesema jiwe ni kipofu, kipofu ni yule ambaye kwa asili yake angepaswa kuona. Kwa hiyo aliyezimia akili yake imezuiwa, kuku yeye hana hata cha kuzuiwa, na mtoto mchanga bado muda tu.

Halafu kuna kicheko, hapa mimi napapenda. Kila mtu anaweza kucheka na kwa hesabu yao hakuna mnyama mwingine anayecheka, sasa mbona wasiseme tu mtu ni mnyama anayecheka? Wakasema hapana, kicheko ni sifa inayotoka kwenye akili, mtu anacheka kwa sababu ni mtu, sio kwamba ni mtu kwa sababu anacheka. Weusi wa nywele ndo kabisa, huo unakuja na kuondoka na mtu anabaki yule yule.

Kuhusu kucheza na maneno mi naona ni kinyume, walikuwa wanayaogopa. Kwanza unauliza neno lina maana gani, ndo baadaye unauliza kitu chenyewe ni nini. Mfano wa darasani ulikuwa neno la Kilatini canis, ni mbwa anayebweka, ni mnyama wa baharini, na ni nyota. Sisi tuna mbuzi wa zizini na mbuzi wa kukunia nazi, sasa wawili wanaweza kubishana mpaka jioni kama mbuzi anakula majani na wote wako sahihi. Mwanateolojia Thomas Aquinas (1225–1274), kwa mfano uliotoka kwa Aristotle, akaeleza maneno yaliyo katikati, si ya maana moja wala si ya maana zisizohusiana: mtu ana afya, dawa ni ya afya, hata mkojo unaitwa wenye afya, hapo maana sio moja ila zote zinarudi kwenye afya ya yule mtu. William wa Ockham, mwanamantiki wa Kiingereza aliyefariki 1347, akabana zaidi: neno kama "mweupe" lina fasili ya jina tu, yaani kitu chenye weupe, usiende kulitafutia kiini chake.

Ukitaka kumbana shemeji achana na mtoto mchanga, muulize Mungu naye yuko kundi gani na anatengwa na nini. Aquinas mwenyewe aliandika kwamba Mungu hayumo kwenye kundi lolote, hivyo fasili ya namna hii hana, sasa shemeji akianza kukohoa ujue na kipindi hicho alilala.